Kariakoo: Jeshi la mizigo ambalo majina ya watu wake yalipotea

MKAZI wa Kangari anapolitaja jina la Kariokor siku hizi, aghalabu anazungumzia soko la Nairobi linalosifika kwa vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, lilikuwa jina la jeshi. Tena halikuwa jeshi la bunduki, bali la mizigo.

Waingereza walikiita kikosi hicho Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalainisha matamshi, pakazuka Kariakoo. Ndani ya neno hilo moja walikusanywa wapagazi, wabeba machela, wapishi, wahudumu wa wodi, wachunga nyumbu, matarishi na makarani: watu wote ambao bila wao askari mwenye bunduki hangalikwenda hata mwendo wa siku tatu.

Kangari ipo Kigumo, katika kaunti ya Murang'a, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Nyandarua. Leo ni nchi ya majani chai, ukungu wa asubuhi na baridi kali ya mwezi wa Julai. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, matuta haya yalikuwa sehemu ya wilaya iliyoitwa Fort Hall, na kutoka wilaya hiyo na jirani zake za Nyeri na Kiambu, wanaume walichukuliwa kwa maelfu kwenda kubeba mizigo ya vita wasivyovijua chanzo chake.

Historia za vita huandikwa kwa majina ya majenerali na ya mapambano. Historia ya wale waliolisha, waliotibu na waliobeba huandikwa kwa tarakimu, pengine isiandikwe kabisa. Tofauti hiyo imewagharimu watu wa Mlima Kenya mishahara, makaburi na kumbukumbu, na hesabu yake haijafungwa hadi leo.

Kwa nini watu, si magari?

Swali la kwanza ambalo msomaji wa leo huuliza ni hili: kwa nini dola kubwa yenye meli, reli na magari ilihitaji kubebewa unga vichwani?

Jibu ni mdudu mdogo na barabara zisizokuwapo. Vita kati ya Waingereza na Wajerumani katika Afrika Mashariki vilipiganwa hasa katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na baadaye Msumbiji. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa na mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota magari waliopelekwa huko walikufa kwa makumi ya maelfu. Magari machache yaliyokuwapo yalizama katika matope kila masika ilipoingia. Reli ziliishia mbali na uwanja wa mapambano. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu.

Hata hivyo, upagazi una hesabu yake, nayo ni hesabu katili. Chukua mfano wa mpagazi aliyebeba kilo 25 za unga. Kila siku yeye mwenyewe anahitaji karibu kilo moja ya kula. Akienda safari ya siku 10 hadi mstari wa mbele na siku 10 za kurudi, atakuwa amekula kilo 20 njiani. Mzigo atakaoukabidhi kwa askari ni kilo tano tu.

Sasa tuseme kuna askari 3,000 wanaosubiri chakula huko mbele, kila mmoja akihitaji kilo moja kwa siku. Wapagazi 600 hawana budi kuondoka kituoni kila asubuhi. Kwa kuwa kila mmoja huchukua siku 20 kwenda na kurudi, ni lazima wapagazi 12,000 wawe njiani wakati wote ili askari 3,000 wale. Hapo bado risasi, mahema, dawa, majeruhi wanaorudishwa na wapagazi wanaougua hawajahesabiwa. Safari ikifika siku 12 na nusu kwa upande mmoja, mpagazi atakuwa ameumaliza mzigo wake wote bila kumlisha askari yeyote.

Hiyo ndiyo sababu kila hatua ambayo majeshi ya Waingereza yalipiga kuelekea kusini ilidai watu zaidi kutoka kaskazini. Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alichukua uongozi mwezi Februari 1916, akawasukuma Wajerumani kutoka eneo la Kilimanjaro, na Dar es Salaam ikaanguka mwezi Septemba mwaka huo. Kwenye ramani ulikuwa ushindi wa haraka. Kwa mpagazi, kila kilomita iliyotekwa ilikuwa kilomita ya kuongezea safari yake.

Jinsi walivyoandikwa

Kikosi cha wapagazi kiliundwa Nairobi mwezi Agosti 1914 na kuwekwa chini ya Oscar Watkins, ofisa wa utawala aliyekifahamu Kiswahili. Mwanzoni kiligawanywa katika vikosi vya watu 1,000, na kila kikosi katika makundi ya watu mia mia chini ya wanyapara. Baadaye kilikua na kuwa idara nzima ya kazi za kijeshi, yenye vituo, hospitali, bohari na daftari zake.

Mwanzoni baadhi ya watu walijiandikisha kwa hiari wakitarajia ujira na safari fupi. Waliorudi walisimulia mengine, na hiari ikaisha. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyowezesha watu kuchukuliwa kwa lazima. Wakuu wa wilaya waliwaagiza machifu, machifu wakawaagiza wazee wa vijiji, na kila kijiji kikadaiwa idadi yake. Mnyonge, asiye na jamaa wa kumtetea wala mbuzi wa kumtoa, ndiye aliyetangulia.

Ujira ulishushwa hadi rupia tano kwa mwezi, mbali sana na ule wa askari. Walowezi hawakutaka mpagazi apewe zaidi, wakihofia kwamba vibarua wa mashambani nao wangedai nyongeza.

Vijana wengi walitafuta mahali pa kujificha. Wako waliokimbilia kazi katika mashamba ya walowezi, ambako mwajiri aliweza kuwakinga. Mmoja wa waliolikwepa jeshi hilo ni kijana wa Kiambu aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Kenya. Jomo Kenyatta alikwenda Narok, miongoni mwa Wamaasai, akafanya kazi kwa mkandarasi wa Kiasia aliyekuwa akiliuzia jeshi mifugo. Hata aliyelikimbia jeshi la mizigo alijikuta akilihudumia kwa mlango wa nyuma.

Mwaka 1917 ndio uliokuwa mbaya kupita yote. John Ainsworth, ofisa mkongwe wa utawala, alikabidhiwa jukumu la kutafuta watu kwa ajili ya mashambulizi ya mwisho upande wa kusini. Katika muda wa miezi michache watu takriban 120,000 walikusanywa kutoka Kenya. Kwa wilaya za Mlima Kenya, hicho kilikuwa kizazi kizima cha vijana wenye nguvu kilichoondolewa shambani kwa mkupuo mmoja.

Safari yenyewe ilianza kwa miguu. Reli ilikuwa imefika Thika mwaka 1913, na haikusogea kaskazini zaidi ya hapo hadi baada ya vita. Mtu wa Kangari aliteremka matuta hadi makao ya wilaya, mji ambao leo unaitwa Murang'a, kisha akaongozwa hadi Thika na Nairobi. Huko alipewa blanketi na namba. Tangu siku hiyo, kwa karani wa jeshi, namba hiyo ndiyo iliyokuwa yeye.

Unga uliua kuliko risasi

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliopanga vita hivi waliuona mzigo wa mpagazi kuwa mwepisi kwa sababu hawakuubeba. Hawakufikiria pia chakula chake.

Mkulima wa milimani alizoea viazi vitamu, maharagwe, ndizi, mtama na uji, vyakula vya aina nyingi vilivyopikwa kwa utaratibu na kwa muda mrefu. Jeshini alikabidhiwa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya, ukiwa umejaa chenga ngumu. Unga wa namna hiyo unahitaji kuchemshwa sana. Lakini mpagazi alifika kambini jioni akiwa hoi, kuni zikiwa zimelowa, sufuria moja ikingojewa na watu wengi, na alfajiri alitakiwa njiani tena. Aliula ukiwa mbichi nusu. Chenga zikachubua utumbo, kuhara kukaanza, na kuhara damu kukafuatia.

Malaria nayo ilikuwa kazini. Katika nchi ya juu kama Kangari, yenye baridi, mbu wa malaria walikuwa adimu, na mwili wa mwenyeji haukuwa na mazoea ya ugonjwa huo. Mtu huyo aliteremshwa ghafla hadi mabonde ya Rufiji, tena wakati wa mvua kubwa za mwanzo wa mwaka 1917, posho ikiwa imepunguzwa. Waliookoka malaria walikutana na nimonia, kwa kuwa kinga yao dhidi ya usiku wa mvua ilikuwa blanketi moja lililolowa.

Ndiyo maana walio wengi katika wapagazi waliokufa hawakuuawa na risasi, bali na maradhi ambayo chanzo chake kilikuwa chakula, uchovu na mipango mibovu. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika Afrika Mashariki yote Waingereza waliwatumia wapagazi na vibarua karibu milioni moja, na kwamba takriban 100,000 miongoni mwao walifariki. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, wengi wakiwa wametwaliwa kwa nguvu.

Watkins na baadhi ya madaktari walipigania mabadiliko. Palifunguliwa hospitali za wapagazi, wapishi wakatengwa kwa kazi hiyo, na wagonjwa wakaanza kupumzishwa kabla ya kurudishwa njiani. Hatua hizo ziliokoa watu, lakini zilikuja baada ya maelfu kuzikwa kando ya njia.

Misheni na wahudumu wa tiba

Kwamba vifo hivyo viliweza kupunguzwa, ushahidi upo. Mwaka 1917 Daktari John Arthur wa misheni ya Kanisa la Skoti iliyopo Thogoto aliunda kikosi cha wafuasi wa misheni mbalimbali za Kikuyuni, karibu watu 2,000. Walikubali kwenda kwa sharti la kukaa pamoja chini ya wamisionari waliowajua na waliosema lugha yao. Walitembea kwa nidhamu, chakula chao kilipikwa vyema na wagonjwa wao walitambuliwa mapema. Waliokufa katika kikosi hicho walikuwa wachache mno wakilinganishwa na wapagazi wengine. Miili yao haikutofautiana na ya wenzao wa kijiji kimoja. Kilichotofautiana ni jinsi walivyoangaliwa.

Katika nchi jirani ya Uganda, Meja G. J. Keane aliongoza kikosi cha tiba cha Waafrika kilichowachukua vijana waliosoma katika shule za misheni. Walifundishwa kufunga vidonda, kupima homa, kutoa dawa na kutunza kumbukumbu za wagonjwa, kisha wakapelekwa kuwahudumia askari na wapagazi. Jamii iliyokuwa ikiambiwa kwamba Mwafrika hawezi kazi ya hospitali iliwaona vijana wake wakiifanya chini ya mahema, usiku, katika mvua.

Kundi hili la wahudumu ni mojawapo ya mambo machache ya kudumu yaliyotokana na vita hivyo. Mtu aliyejua kusoma kipimajoto na kuandika jina la mgonjwa kwenye kadi hakurudi kijijini akiwa yule yule aliyeondoka.

Vita vya Pili: dereva na karani

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, watawala walikuwa wameonywa na maafa ya Kariakoo. Safari hii mizigo mingi ilipanda malori. Wakenya karibu 98,000 walihudumu katika vita hivyo, na wengi wao hawakuwa katika vikosi vya kupigana, bali katika vikosi vya uchukuzi, vya tiba na vya kazi za mikono.

Watu wa Mlima Kenya walipangiwa huko kwa sababu maalumu. Makamanda wa Kiingereza walikuwa na imani kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kwa vita na mengine yasiyofaa kushika bunduki. Wakamba na Wakalenjin waliwekwa katika fungu la kwanza. Wakikuyu, kwa kuwa wengi walikuwa wamepitia shule za misheni, walionekana wajanja mno kwa uaskari, wakapelekwa kuwa makarani, madereva, mafundi, wahudumu wa hospitali na vibarua.

Kazi hiyo haikuwa ndogo. Mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yalipita Somalia na kuingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili, yakiwa yamekwenda maili 1,700, yaani zaidi ya kilomita 2,700, kwa siku 53. Mwendo huo uliwezekana kwa sababu ya madereva waliosukuma malori katika mchanga usiku na mchana, wakibeba petroli, maji na chakula.

Katika kundi la makarani alikuwamo Bildad Kaggia, aliyekulia Kandara, si mbali na Kangari, na kusoma katika shule ya misheni ya Kahuhia. Jeshi lilimpeleka Mashariki ya Kati na hatimaye Uingereza. Karani wa jeshi huona mambo ambayo askari wa mfereji haoni: orodha za mishahara kwa rangi, posho kwa rangi, likizo kwa rangi. Kaggia aliporejea mwaka 1946 alikuwa mtu mwingine. Aliyakana makanisa ya wamisionari, akaanzisha dini yake, akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1952 akakamatwa na kushtakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta na wenzao wanne. Baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Kandara. Alifariki mwaka 2005.

Wengine waliorudi walikuwa na leseni za udereva na akiba kidogo. Walijaribu biashara ya malori na mabasi, wakagonga ukuta wa vibali na ubaguzi. Ghadhabu ya watu hao ilikuwa sehemu ya moto uliolipuka mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Msituni pia karani alihitajika

Moto huo ulipowaka, msitu ulio juu ya Kangari uligeuka kuwa uwanja wa vita. Wapiganaji wa Murang'a waliokuwa Nyandarua walijulikana kama Gikuyu Iregi, chini ya Macaria Kimemia. Wale wa Nyeri waliitwa Ituma Ndemi.

Jeshi hili la msituni halikuwa na bohari wala malori, lakini lilitawaliwa na hesabu ile ile ya unga. Lilikula kwa sababu vijiji vililisha. Kamati za siri zilikusanya chakula, nguo, fedha na dawa, na wanawake wakavipeleka hadi ukingoni mwa msitu usiku, wakijua kwamba wakikamatwa adhabu yake ingekuwa kali. Dawa zilitoroshwa kutoka mijini, na majeruhi wakauguzwa katika vibanda vilivyofichwa mwituni.

Uandishi nao haukusahaulika. Karari Njama, mwalimu kutoka Nyeri, aliingia msituni mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa baraza la Dedan Kimathi. Kimathi alisisitiza kumbukumbu ziandikwe na wapiganaji waorodheshwe kambi kwa kambi. Kwa mtu anayewindwa, karatasi ni hatari. Lakini viongozi hao walikuwa watoto wa kizazi cha Kariakoo, na walijua yanayompata mtu ambaye jina lake halikuandikwa.

Serikali ya kikoloni ilielewa vyema kwamba jeshi lisilo na wapagazi haliishi. Katika miaka ya 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyuni na maeneo jirani walihamishwa kwa nguvu kutoka makwao na kusongamanishwa katika vijiji vyenye ulinzi. Wanakijiji wenyewe walilazimishwa kuchimba mahandaki marefu kwenye mpaka wa msitu na kuyasimika vijiti vilivyochongwa. Lengo halikuwa kumzuia mpiganaji asitoke tu, bali kumzuia mama mwenye kikapu asiingie. Njaa ilifanya kazi ambayo mabomu yaliyodondoshwa msituni hayakuifanya. Kimathi alijeruhiwa na kukamatwa ukingoni mwa msitu mwezi Oktoba 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Daftari lina jina la nani?

Baada ya vita vya mwaka 1914 hadi 1918, mpagazi aliyenusurika alirudi kukuta ukame na homa kali ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1918. Kisha akavishwa kipande. Sheria yake ilikuwa imetungwa mwaka 1915, na vita vilipokwisha ikaanza kutumika: kila mwanamume Mwafrika akatakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole ndani ya kikebe, akikining'iniza shingoni.

Mishahara ya waliokufa ilibaki katika vitabu. Ili familia ilipwe, ilihitajika jina, namba, kikosi na kijiji vilingane. Jina la Kikuyu lilikuwa limeandikwa jinsi karani alivyolisikia, pengine bila jina la baba. Maelfu ya watu hawakulinganishwa na familia zao. Watkins na Ainsworth walitaka fedha hizo ambazo hazikudaiwa zitumiwe kwa manufaa ya jamii zilizowatoa wapagazi, lakini serikali ya Uingereza haikukubali. Fedha zilikuwapo na madaftari yalikuwapo. Mwenyewe ndiye hakuonekana.

Hata makaburi yaliachwa. Tume ya makaburi ya vita ya dola hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1917, ilikuwa na kanuni ya kumpa kila marehemu jiwe au jina ukutani bila kujali cheo. Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa kwa wapagazi. Makaburi yao yaliachwa yamezwe na nyasi, na badala ya majina zikasimamishwa sanamu chache za jumla. Ile ya Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, ina watu watatu wa shaba. Mmoja wao ni mpagazi. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku, na hakuna jina la mpagazi hata mmoja la kusoma.

Safari fupi hadi Mathari, nje kidogo ya mji wa Nyeri, huonyesha tofauti. Huko lipo kanisa lililojengwa na Waitalia na kukamilika mwaka 1952, ambamo amezikwa Mtawala wa Aosta, aliyekuwa mateka wa Waingereza alipofariki Nairobi mwaka 1942. Pamoja naye imehifadhiwa mifupa ya askari 676 wa Italia. Hao walikuwa adui, na wamepewa pa kulala ukutani. Mpagazi wa Murang'a aliyekufa akiubebea upande ulioshinda hajulikani alikozikwa.

Mwaka 2021 tume hiyo, ambayo leo inaitwa ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti iliyokiri kosa hilo na kuomba radhi. Ripoti ilieleza kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina au hawakuadhimishwa kabisa. Mwezi Novemba 2023 Mfalme Charles wa Tatu alizuru makaburi ya vita ya Kariokor, Nairobi, akawakabidhi wakongwe wa Vita vya Pili medali mpya badala ya zile walizozipoteza au kuziharibu.

Kuna dalili za matumaini. Tume hiyo na jeshi la Kenya zimekuwa zikipekua hati za enzi ya ukoloni zilizohifadhiwa Nairobi, ambazo kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa zimeangamia, na majina yameanza kujitokeza. Mjini Cape Town, mwezi Januari 2025, ulizinduliwa mnara wenye majina ya watu weusi zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini waliokufa katika vita vya kwanza wakifanya kazi zisizo za kupigana. Lililowezekana huko linaweza kufanyika hapa.

Kwa familia za Murang'a na Nyeri zenye masimulizi ya babu aliyekwenda Kariakoo asirudi, kazi iliyobaki ni ya ukarani: kuandika jina la babu kama lilivyotamkwa nyumbani, jina la baba yake, ukoo, rika la tohara, kijiji na chifu wa wakati huo, kabla ya mzee wa mwisho anayeyajua hajaondoka nayo. Orodha za kijeshi zikifunguliwa, maelezo hayo ndiyo yatakayotofautisha Mwangi mmoja na Mwangi mwingine. Asiyekuwepo na lake halipo, na kwa zaidi ya miaka 100 mpagazi hakuwepo daftarini. Anaweza kuandikwa sasa.